Kompyuta za mkononi za zamani: uliza prosesa kabla ya bei

Hapa Lamu kompyuta hizi ndogo za kushika kiganjani huzuka mara mojamoja: jamaa karudi nayo kutoka Ulaya, au mgeni wa Shela kamwachia mtunza nyumba. Ikiwaka tu, mtu hutoa pesa. Lakini programu iliyotengenezewa aina moja ya prosesa, yaani chipu inayoendesha mashine, haifanyi kazi kwenye nyingine, na mashine isiyo na programu haikufai kitu. Mimi nazipanga hivi, kuanzia iliyo bora.

Ya kwanza, bila kusita, ni HP 200LX ya 1994. Prosesa yake ni ya ukoo wa Intel 80186 na mfumo wake endeshi ni MS-DOS 5.0, kwa hiyo programu nyingi za DOS za kompyuta za mezani huingia zilivyo, alimradi hazidai 386, prosesa ya Intel iliyo mpya zaidi. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya hesabu, imo tayari, na mwenye jahazi anaweza kuweka humo hesabu za mizigo. Inatumia betri mbili za AA, na hizo hata maduka madogo ya Langoni wanazo. Kabla hujalipa, ifunue taratibu utazame bawaba, maana plastiki yake hupasuka. Kisha fungua pale panapokaa betri; ukiona kutu ya kijani kwenye vyuma, iache.

Ya pili ni Palm III na nduguze wenye prosesa ya Motorola DragonBall. Haina kibodi, utaandika kwa kalamu yake. Ila Palm waliwaheshimu wateja wao: walipohamia prosesa za aina ya ARM mwaka 2002 kwa mfumo wa Palm OS 5, mashine mpya ziliiga prosesa ya zamani, na programu nyingi zikaendelea kufanya kazi. Ukibadilisha betri usikawie, kumbukumbu itafutika.

Ya tatu ni mashine za Windows CE, mfumo wa Microsoft wa kompyuta ndogo, zenye ARM, kama HP Jornada 720 yenye StrongARM ya 206 MHz. Ina kasi, lakini betri yake ni ya kuchaji na nyingi zimeshachoka.

Za mwisho ni Windows CE zenye prosesa za aina nyingine, SH3 au MIPS: Jornada 680, NEC MobilePro 780. Kibodi zao nazipenda sana, na inaniuma kuziweka chini. Tatizo ni kwamba kila prosesa ilihitaji toleo lake la programu, na Pocket PC 2002, mfumo wa Microsoft uliofuata, ilipobakiza ARM peke yake, watengenezaji wengi wakazitupa mkono. Ukiuziwa moja, fungua Control Panel, ingia System, usome jina la prosesa. Kisha tafuta kwanza programu unayoihitaji katika toleo la prosesa hiyo. Ukiikosa, mrudishie mwenyewe mashine yake.