Majani Makavu ya Mnanaa: Aina Zinazouzwa, Kuanzia Iliyo Bora

Anayenunua majani makavu ya mnanaa ili kutuliza tumbo lililojaa gesi hununua, kwa hakika, mafuta yaliyosalia ndani ya jani. Mafuta hayo, ambayo sehemu yake kubwa ni mentholi, hukaa katika vifuko vidogo mno juu ya uso wa jani, na kila jani linapovunjwa vifuko hivyo hupasuka, mafuta yakapotea hewani. Kwa hiyo nimezipanga aina zinazouzwa kwa kigezo kimoja: ipi humfikia mnunuzi ikiwa bado na mafuta yake.

Nafasi ya kwanza naipa majani mazima, au yaliyokatwa vipande vikubwa. Viwango rasmi vya dawa vya Ulaya vinataka jani zima liwe na mafuta yasiyopungua mililita 12 kwa kilo, na lililokatwa mililita 9, tofauti inayoonyesha jinsi kisu pekee kinavyopunguza. Tena majani haya hukaguliwa kwa urahisi: rangi iwe ya kijani, si kahawia, na vijiti viwe vichache. Sugua jani moja kati ya vidole, kisha unuse. Harufu iwe kali na ifuatwe na ubaridi puani. Ikiwa ni tamu isiyo na ubaridi, yaelekea umeuziwa mnanaa wa aina nyingine, Mentha spicata, ambao hauna mentholi ya kutosha. Lebo na iseme Mentha × piperita. Neno “mnanaa” peke yake halitoshi.

Pili ni vifuko vya chai, mradi kila kimoja kiwe kimefungwa peke yake katika karatasi isiyopitisha hewa. Soma uzito: kipimo kinachotambuliwa Ulaya kwa mtu mzima ni gramu 1.5 hadi 3 kwa kikombe, mara tatu kwa siku, na baadhi ya vifuko havifiki hapo. Kikombe kifunikwe kwa dakika 5 hadi 10, na matone yaliyoganda chini ya kifuniko yarudishwe ndani, maana nayo yana mentholi.

Kapsuli za unga wa jani zinashika nafasi ya tatu. Zinafaa safarini, lakini mara nyingi kila moja hubeba takriban nusu gramu au pungufu, na mnunuzi hawezi kunusa kilichomo. Zisichanganywe na kapsuli za mafuta ya mnanaa zenye ganda linaloyeyukia utumboni: hizo ndizo zilizotumika katika tafiti nyingi kuhusu maumivu sugu ya utumbo, na muuzaji anayezinukuu tafiti hizo kwenye chupa ya majani anajipamba kwa sifa za bidhaa nyingine.

Unga uliosagwa na kuuzwa wazi ni wa mwisho, na singeushauri hata kwa bei ya chini.

Mwenye kiungulia cha mara kwa mara aache aina zote, kwa kuwa mentholi hulegeza msuli unaozuia asidi isipande kooni. Mwenye vijiwe vya nyongo amwone daktari kwanza, na watoto walio chini ya miaka 4 wasipewe. Mwenye upungufu wa damu asinywe chai hii pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mimea.