Kufunga shokapu na diski za Pulsar 220 kwenye Boxer 150 kwa klampu za kuchongesha: uzoefu wangu

Pikipiki yangu, Boxer BM150, ilikuja na breki ya drum mbele na shokapu nyembamba. Vyote vimetoka. Vimeingia shokapu za pikipiki ya Pulsar 220 zenye bomba la milimita 37, rimu yake ya spoti ya inchi 17, diski ya milimita 260 na kalipa yake (kibanio cha pedi). Kinachoshikilia hivyo vyote kwenye fremu ya Boxer ni klampu mbili (vipande vinavyobana bomba za shokapu, kimoja juu na kimoja chini) na nguzo ya usukani (chuma kinachopita ndani ya shingo ya fremu), nilizochongesha eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Nimeridhika kabisa, hasa ninaposhika breki kwenye mteremko nikiwa na abiria na mzigo. Ila anayetaka kufanya hivi ajue jambo moja kabla ya kutoa hela: diski na kalipa ni sehemu rahisi ya kazi. Ugumu na hatari vyote viko kwenye klampu.

Wengi huanza kwa kuuliza kama inawezekana kubaki na shokapu za Boxer na kuchongesha braketi ya kalipa tu. Mimi siishauri. Mguu wa shokapu ya breki ya drum hauna masikio ya kushikia kalipa, na ukichomelea sikio kwenye aluminiamu ya kumimina, hapo hapo pembeni ya weldi ndipo panapopasuka. Halafu diski moja huvuta upande mmoja tu, kwa hiyo bomba jembamba hupinda na usukani huenda upande kila ukibana breki. Chukua mfano wa mabomba mawili yenye ukuta wa unene uleule: la milimita 37 huzidi la 31 kwa ugumu wa kupinda kwa karibu asilimia 70. Hiyo ndiyo faida ya kuhamisha mbele nzima badala ya kubandika diski juu ya shokapu za zamani.

Nunua mbele ya Pulsar ikiwa seti moja: miguu yote miwili, ekseli, spesa za ekseli, tairi na rimu, diski, kalipa, masta silinda (pampu ya breki ya kwenye usukani) na madigadi. Ukinunua vipande kwa maduka tofauti utachongesha spesa za ekseli pia, na kila spesa ni nafasi nyingine ya diski kukaa nje ya katikati ya kalipa. Dukani zungusha bomba juu ya kioo au bati lililonyooka uone kama limepinda. Pitisha ukucha sehemu ambayo sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) hupita. Ukihisi mkwaruzo au kutu iliyochimba, liache, maana litakula sili mpya ndani ya muda mfupi. Soma pia unene wa chini ulioandikwa kwenye diski, kisha pima kwa vernia mahali pedi zinapopita, si ukingoni ambako hapajaliwa.

Sasa klampu. Klampu za Pulsar haziwezi kutumika kama zilivyo, kwa sababu nguzo yake si ya shingo ya Boxer, na Pulsar 220 hutumia mipini miwili mifupi inayobana kwenye bomba za shokapu, wakati Boxer inataka vishikio vya usukani wa bomba moja juu ya klampu. Kwa hiyo klampu ya juu lazima ichongwe ikiwa na vishikio hivyo. Nilitumia aluminiamu ya 6082-T6, klampu ya chini milimita 30 kwa unene, ya juu milimita 25, na nguzo ya chuma cha EN19. Kama fundi anakuletea aluminiamu ya masufuria yaliyoyeyushwa, kataa.

Mpelekee fundi vitu halisi, si karatasi peke yake: nguzo ya zamani ya Boxer, konseti (gololi na vikombe vya shingo ya usukani) mpya kabisa, na miguu ya Pulsar ikiwa na ekseli na tairi limefungwa. Umbali wa katikati ya bomba moja hadi la pili unapatikana hivi: kaza ekseli, pima kwa vernia ndefu kutoka nje ya bomba moja hadi nje ya bomba la pili karibu na miguu, kisha toa 37. Kipimo hicho ndicho kiwe cha klampu zote mbili. Matundu ya klampu ya juu na ya chini yatobolewe kwa pamoja, vipande vimebebana na kufungwa kwa bolti mashineni. Karakana niliyoitumia ilitaka kutoboa kila klampu kivyake, na hapa usilegeze msimamo. Tofauti ya nusu milimita tu inatosha kufanya bomba zisiwe sambamba, na shokapu ambazo haziko sambamba hukwama zikishuka, hata ukiziwekea mafuta bora namna gani. Jaribio ni rahisi: bolti zikiwa zimelegezwa, mabomba yote mawili yapande na kushuka kwa mkono bila kugongwa. Tundu langu ni 37.03, na mpasuko wa kubania milimita 3.

Nguzo inaingia kwenye klampu ya chini kwa kubanana: tundu dogo kuliko nguzo kwa milimita 0.05. Klampu hupashwa kwenye oveni hadi nyuzi 150 hivi, nguzo hulazwa kwenye friza, kisha vinaunganishwa kwa haraka. Usikubali moto wa gesi; aluminiamu iliyotiwa ugumu hulainika na huwezi kuona kwa macho. Nguzo iwe na bega upande wa chini wa klampu, ili hata mbano ukilegea klampu isiweze kuchomoka na kuacha tairi likiondoka. Bega hilo halina mjadala.

Kipimo ambacho mafundi wengi hawakiulizi ni umbali kati ya mstari wa nguzo na mstari wa bomba za shokapu ukitazama ubavuni. Huo ndio unaoamua kama pikipiki itakwenda imenyooka au itatikisa kichwa. Kwa shingo yenye mlalo wa digrii 26 na tairi la 90/90-17, umbali wa milimita 40 huacha mguso wa tairi ukifuata nyuma ya mhimili wa usukani kwa takriban milimita 100. Ongeza hadi 50, unabaki na 89, usukani unakuwa mwepesi na wenye wasiwasi kwenye mwendo. Punguza hadi 30, unapata 111, umetulia barabara kuu lakini ni mzito kwenye foleni. Nilibaki 40. Pima wako kutoka klampu ya zamani, usikisie.

Urefu wa shokapu nao una hesabu yake. Pima kwenye mbele ya zamani, shokapu zikiwa zimenyooka zote, kutoka kalio la konseti ya chini hadi katikati ya ekseli. Weka Pulsar kwenye kipimo hichohicho, na bomba litakalozidi lichomoze juu ya klampu ya juu. Boxer ina karibu mita 1.3 kati ya ekseli na ekseli, kwa hiyo ukishusha mbele kwa milimita 25 unabadili mlalo wa shingo kwa zaidi kidogo ya digrii moja, na utaisikia. Kisha toa springi, shusha shokapu hadi mwisho, uangalie nafasi kati ya madigadi na klampu ya chini. Chini ya milimita 15, rudi ukapange upya. Geuza usukani kulia na kushoto: vizuizi vilivyochongwa kwenye klampu ya chini lazima vigonge fremu kabla bomba halijagusa tangi. Na mwambie fundi mapema kuhusu tundu la kufuli la usukani, la sivyo utabaki bila kufuli.

Bolti za klampu ni M8 (kipenyo milimita 8), na uzi ndani ya aluminiamu uingie si chini ya milimita 16. Nimezikaza kwa Nyuton-mita 20 kwa spana ya kipimo, nikienda zamu kwa zamu. Anayekaza kwa nguvu za mkono hubana bomba hadi likawa duaradufu, halafu analaumu mafuta ya shokapu.

Kwa upande wa shokapu zenyewe nilibadili sili, nikaweka mafuta mazito zaidi, 15W badala ya 10W. Usijaze kwa kukisia ujazo. Springi ikiwa nje na bomba limeshushwa hadi chini, pima kutoka mdomo wa bomba hadi usawa wa mafuta. Mimi nimekaa kwenye milimita 110, miguu yote miwili sawa. Ukipandisha mafuta, hewa inayobaki juu inabanwa zaidi na shokapu inakuwa ngumu mwishoni mwa safari yake. Ukizidisha, sili hutema. Safari ya shokapu hii ni milimita 130. Funga tai ya plastiki kwenye bomba, kaa na mzigo wako wa kawaida, uone imeshuka kiasi gani. Milimita 35 hadi 40 ni pazuri. Ikizidi, ongeza kipande cha bomba juu ya springi, milimita 10 kwa 10. Kipande hicho kinainua pikipiki tu, hakibadili ugumu wa springi. Kinachoongeza ugumu ni kupunguza mizunguko ya springi na kujaza nafasi kwa spesa ndefu, ila ukishakata hakuna kurudi, kwa hiyo pima kwanza.

Breki. Tumia masta silinda iliyokuja na kalipa yake. Kipenyo cha pistoni mara nyingi kimeandikwa kwenye mwili wake, na kina maana kubwa: ukitoa ya 12.7 ukafunga ya 14, kwa mkono uleule msukumo unapungua kwa karibu asilimia 18, mpini wa breki unakuwa mgumu na mfupi, watu wanausifu kuwa breki imekaza, kumbe imepungua. Diski kubwa haileti tofauti inayolingana na hiyo; kutoka 240 hadi 260 unapata karibu sehemu moja ya kumi tu.

Hili la mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kutoka masta silinda hadi kalipa, naomba lizingatiwe sana. Maduka ya mipira ya mitambo yanaweza kukukatia na kukubania mpira wa urefu wowote, na wanafanya kazi safi. Lakini mpira wa kawaida wa haidroliki umetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini. Ukiujaza mafuta ya breki, ndani unavimba na kumeguka, vipande vinaziba njia, na breki inaweza kushika isiachie au isishike kabisa. Agiza wenye mfereji wa ndani wa tefloni na wavu wa chuma cha pua. Urefu pima shokapu zikiwa zimenyooka na usukani umegeuzwa mwisho pande zote mbili, uongeze sentimita 4. Kila kiungio cha bolti yenye tundu kinataka washa mbili za shaba, mpya.

Nimetumia mafuta ya breki ya DOT 4, ambayo ikiwa mbichi huchemka si chini ya nyuzi 230, wakati DOT 3 ni 205. Zote hunyonya unyevu, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa siku nyingi usiinunue. Kutoa upepo kunasumbua kwenye kiungio cha masta silinda, mahali pa juu kuliko pote. Geuza usukani hadi masta silinda iwe juu, gongagonga mpira, na ukimaliza funga mpini kwenye usukani kwa kamba hadi asubuhi. Pini za kalipa zipake grisi ya silikoni. Grisi ya beringi huvimbisha vifuniko vyake vya mpira.

Utapoteza spidomita. Ya Boxer huendeshwa na waya kutoka kwenye drum, na drum haipo. Nimefunga ya kielektroniki yenye sumaku kwenye rimu, nikaiwekea mzunguko wa tairi wa milimita 1,865. Taa kubwa nayo inataka vishikio vipya vya bomba la 37. Usisahau kuunga nyaya za swichi ya breki ili taa ya nyuma iwake.

Kwa gharama, klampu na nguzo zilichukua karibu theluthi ya hela zote, na seti ya Pulsar ikala sehemu kubwa ya iliyobaki. Kazi ya kukereza naisifu kwa usafi wa nyuso na nyuzi. Siisifu kwa kingo kali zilizoachwa kwenye mpasuko wa kubania, ambazo nililazimika kuzilainisha kwa tupa, kwa kuwa ufa huanzia kwenye kona kali.

Pedi mpya zisibanwe kwa nguvu siku ya kwanza. Punguza mwendo kutoka 50 hadi 10 mara nyingi, taratibu, bila kusimama na kushikilia. Baada ya kilomita 200 inua mbele, tingisha miguu ya shokapu mbele na nyuma: gololi za konseti zikiwa zimekaa, nati ya nguzo itataka kukazwa kidogo. Legeza kwanza bolti za klampu ya juu, kaza nati, kisha rudisha bolti kwenye 20. Siku hiyohiyo safisha shingo ya fremu na uichunguze kwa tochi kwenye mishono ya weldi, hasa upande wa chini, maana breki hii inaivuta fremu ya Boxer kuliko ilivyozoea.