Where Eagles Dare kwa Kiswahili: wameukata ukumbi!

Nyota mbili. Mwanzo niliandika moja, na bado mkono unanivuta niirudishe hiyo moja. Kama filamu hii hujaitazama na unataka ikushtue yenyewe, ishia hapa, kwa sababu siwezi kueleza walichokiharibu bila kutaja siri zake.

Ninayoizungumzia ni ile nakala ya kutafsiriwa inayowekwa kwenye flashi siku hizi, sauti ya mtafsiri ikiwa juu ya sauti za Richard Burton na Clint Eastwood. Filamu yenyewe, hadithi ya Vita vya Pili vya Dunia iliyotoka mwaka 1968, inazidi saa mbili na nusu. Nakala hii haifiki hata saa mbili. Zaidi ya nusu saa imeliwa. Ukisikia hivyo utadhani wamepunguza theluji, au kule kukwea ukuta kwa kamba, au basi na mabomu ya mwishoni. Hapana. Risasi zote zipo, haijapotea hata moja. Wamekata maneno, na katika maneno wamekata ya ukumbini, ambayo ndiyo filamu.

Smith (ndiye Burton) na Schaffer (ndiye Eastwood) wanapojitokeza ukumbini mle ngomeni, silaha mkononi, mtafsiri anasema: "Hapa wanabishana sana, twende kwenye moto wenyewe." Picha inaruka. Tunamkuta Kanali Kramer, ofisa wa Kijerumani, keshakufa na steringi anakusanya watu waliofungwa kamba. Basi! Mtu amelipa pesa yake, amekaa zaidi ya saa moja akisubiri kujua nani ni nani, halafu anaambiwa kwamba majibu ni mabishano.

Ngoja nieleze kilichokuwa ndani ya mruko huo, kwa sababu wengi walioiona nakala hii wanaamini wameiona filamu.

Kabla ya hapo Waingereza wametuma watu saba kwa parachuti, wamevaa sare za Kijerumani, wakamtoe Jenerali Carnaby, Mmarekani anayejua mipango ya kufungua uwanja wa pili wa vita Ulaya. Anashikiliwa Schloss Adler, ngome iliyo juu ya mwamba, ambayo unaifikia kwa gari linaloning'inia kwenye waya. Kufikia ukumbini, wawili kati ya saba wamekufa, Harrod na MacPherson. Thomas, Berkeley na Christiansen wamekamatwa kijijini na kupandishwa juu, na huko inajulikana kuwa hao watatu ni majasusi wa Ujerumani waliojipenyeza ndani ya idara ya Waingereza. Wanapokewa kama watu wa nyumbani. Mpaka hapo nakala haina tatizo.

Sasa Smith anaingia na Schaffer, kila mtu anatii bunduki. Halafu, ghafla, Smith anamgeukia Schaffer, mtu pekee aliye upande wake mle ndani, anamwamuru aweke silaha chini na akae. Anatangaza kwamba yeye si Smith, ni Johann Schmidt wa ujasusi wa Ujerumani. Steringi amegeuka! Sisi tuliokua tukijua kwamba steringi hafi na hageuki, pale tunabaki mdomo wazi, na mshtuko huo mtu huupata mara moja tu maishani mwake. Mwenye nakala hii ameshaukosa.

Tazama jinsi Smith anavyoujenga uongo wake. Haanzi na uongo, anaanza na ukweli. Anamfichua Carnaby mbele ya Wajerumani: huyu si jenerali, ni mwigizaji wa Kimarekani anayeitwa Cartwright Jones, anayefanana naye, na kuanguka kwa ndege yake kulipangwa. Yote hayo ni kweli kabisa! Ni siri halisi ya London, na Smith anaitoa mbele ya adui bila kusita, kwa kuwa anahitaji kununua imani yao na hana sarafu nyingine ya thamani hiyo. Anayesema kwamba habari ya mwigizaji kujifanya jenerali ni ya kubuni tu na amkumbuke M. E. Clifton James, ambaye mwaka 1944 alipelekwa Gibraltar na Algiers akijifanya Jenerali Montgomery wa Uingereza, ili Wajerumani wapotee kabla ya majeshi kutua Normandy.

Kisha inapigwa simu Italia, kwenye makao ya Kesselring, kamanda wa Wajerumani kule, na ofisa wa huko anathibitisha kwamba yeye anamfahamu Schmidt. Hapo ndipo mtazamaji makini anapoanza kuumwa na kichwa. Mwigizaji kweli ni mwigizaji, simu kweli imejibiwa, basi huenda Smith kweli ni Mjerumani. Kila kipande unachokikagua kinakuja na mhuri wake.

Halafu vidaftari. Smith anadai kwamba Thomas, Berkeley na Christiansen waliopo pale ni bandia, Waingereza waliovaa majina ya wenyewe. Kama ni wa kweli, waandike majina ya majasusi wote wa Ujerumani walioko Uingereza, naye atalinganisha na orodha aliyonayo. Wanapewa vidaftari na kalamu. Wanaandika haraka, kila mmoja kivyake, maana atakayesita amejihukumu. Kwangu mimi huu ndio mtego mzuri kuliko yote niliyowahi kuona kwenye filamu za vita: hakuna aliyepigwa wala kuchomwa sindano, wanatoa wenyewe tena kwa bidii, na orodha tatu zilizoandikwa mbalimbali zinaweza kupimana zenyewe kwa zenyewe. Orodha ya Smith ikifunguliwa, kurasa ni tupu. Hakuwa na jina hata moja.

Yaani watu saba hawakurushwa kwenye theluji kumfuata Carnaby. Walirushwa kufuata karatasi hizo. Ngome, mabomu, kamba, vyote ni kifungashio. Na mtafsiri wetu ametuuzia kifungashio, bidhaa akaitupa.

Kuna jambo jingine dogo, na hili ndilo linalonikera hadi sasa ninapoandika. Kabla ya kurasa tupu kuonekana, Smith anamwonyesha Kramer pembeni jina moja, la jasusi mkubwa wa Ujerumani aliyeko London. Kramer analithibitisha. Sisi hatuonyeshwi. Ni kitendo cha sekunde chache, kimya, ukipiga chafya umekikosa. Nusu nzima ya mwisho wa filamu imesimama juu ya sekunde hizo. Tukifika kwenye ndege, Kanali Turner, yule aliyekaa London akiwapa maelekezo pamoja na Admirali Rolland, yupo ndani anawapokea. Smith anamweleza taratibu kwamba jina alilolikubali Kramer lilikuwa lake. Turner anamwelekezea bunduki. Smith anamjibu kwamba Rolland alikwisha kuiondoa pini ya kufyatulia, haitatoa risasi. Turner anaomba aachiwe mlango, anaruka bila parachuti.

Kwenye nakala hii tukio la ndege limebaki lote. Lakini bila ukumbi, huyo Turner anajiua kwa sababu gani? Mtafsiri mwenyewe anababaika, anasema "huyu naye kumbe alikuwa mbaya wao," anaishia hapo. Hiyo kumbe umeijua wapi, bwana mtafsiri, nawe sehemu uliyopaswa kuijulia umeitupa?

Na si ndege peke yake. Mkato mmoja umeua mambo ya nyuma na ya mbele. Meja von Hapen wa Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, anazungumza na Mary, jasusi wa upande wa Smith aliyejipenyeza ngomeni, habari za Düsseldorf, mji ambao Mary anadai kuujua, naye anamkamata kwa kosa la mahali kanisa kuu lilipo. Nakala imebakiza maongezi hayo, hata yametafsiriwa vizuri. Lakini matunda yake ni kule kuingia kwa von Hapen ukumbini na bastola, akimshuku kila mtu, wakati Smith alikuwa ameshashinda mchezo. Hilo limekatwa. Kwa hiyo tunamwona mtu anagundua uongo, kisha tunamwona ni maiti.

Tena penye kunyamaza, mtafsiri hanyamazi. Harrod anapokutwa ameanguka kwenye theluji shingo imevunjika, filamu inataka tuamini kwa muda kwamba ni ajali ya parachuti. Smith anaitazama ile shingo, hasemi kitu mbele ya wenzake. Mtafsiri anadakia: "Kikulacho ki nguoni mwako!" Methali tamu, mahali pabaya. Kwa maneno manne ametangaza kwamba kuna msaliti kundini, wakati filamu imepanga tuanze kunusa wenyewe polepole, tukianza na kumshuku Smith, kwa sababu anatoroka usiku kwenda kuonana na mwanamke ambaye wenzake hawajui kama yupo. Huyo Mary aliruka mwisho kutoka ndege ileile, baada ya wanaume wote. Anayetazama kwa makini ameshamwona akiruka na anabaki na swali. Kwa nini amefichwa? Kwa nini Mmarekani mmoja, Schaffer, amewekwa kati ya Waingereza? Jibu ni kwamba idara yenyewe ilikuwa imeoza, na Rolland alihitaji watu kutoka nje ya chungu hicho. Na Turner naye alimkubali Smith kwa kuamini kwamba ni Schmidt, Mjerumani mwenzake. Uongo wa ukumbini ulikuwa umeshapandwa London kabla ndege haijaondoka. Ukiujua huo, filamu inabidi uianze upya, na ya pili inakuwa tamu kuliko ya kwanza.

Watu hupenda kuicheka filamu hii kwa ile helikopta inayotua ngomeni. Sawa, ni kosa: ni Bell 47, ambayo iliruka mara ya kwanza Desemba 1945, vita imekwisha. Hata hiyo orodha ya majasusi, katika historia ya kweli mambo yalikuwa kinyume, majasusi wa Ujerumani Uingereza walinaswa, na wengine wakageuzwa na kusimamiwa na kamati ya Waingereza chini ya John Masterman. Lakini makosa hayo hayagusi fundo la hadithi. Helikopta ingekuwa hata ya jana, vidaftari vingebaki vilevile.

Sasa ile nyota ya pili. Kwenye gari la waya mtafsiri huyu ni bingwa, lazima niseme. Smith yuko juu ya paa na shoka la barafu, wasaliti wawili wanamvuta, magari mawili yanapishana juu ya bonde, na jamaa hasemi sana: anahesabu pumzi, anataja nani ameshika nini, ananyamaza pale muziki wa Ron Goodwin unapojitosheleza. Hata Thomas aliposhushwa kwa kamba kama chambo akapigwa risasi na Wajerumani wenzake, alilieleza kwa sentensi moja safi. Ndiyo maana nina hasira. Angekuwa hajui kazi ningeacha tu. Mtu anayeweza kufanya vile asingeshindwa kututafsiria watu wanaoongea mezani.

Kwa anayetaka kununua: usiangalie picha ya juu wala ubora. Mwambie muuzaji akufungulie faili na usome muda wake kwanza. Ikiwa chini ya saa mbili na nusu, uliza kilichotoka. Kisha mwombe asogeze mpaka ukumbini, baada ya saa ya kwanza, uhakikishe unaona simu ya Italia, watu watatu wakiandika, na kurasa tupu. Vikikosekana, rudisha. Na wewe mtafsiri, ukisoma hapa, kipande hicho hakihitaji kutafsiriwa neno kwa neno. Taja tu kila mara nani anadai kuwa nani, sema "anamwonyesha jina" halafu nyamaza, waachie watu macho yao.

Nilikuwa nimalizie kwa nyota moja. Lakini kuna neno la mwishoni mwa filamu, ndani ya ndege, Schaffer amechoka, amekaa karibu na Smith. Mtafsiri amelileta hivi: "Meja, siku nyingine kazi kama hii fanyeni wenyewe, Waingereza kwa Waingereza." Ni sahihi kabisa, hata uchovu wa sauti upo. Ni neno la mtu aliyezungushwa ukumbini akavuliwa silaha na rafiki yake, akarudishiwa, akakiri kwamba hajawahi kuchanganyikiwa namna hiyo. Amelitafsiri vizuri neno ambalo chanzo chake amekitupa. Mbili zibaki. Hapana, akiurudisha ukumbi nitampa nne.