Huduma ya kuhakiki imeili kwenye fomu, miezi miwili nimeitumia

Mi niliitafuta hii huduma nikiwa nimechoka jamani, fomu yangu ya kujiandikisha ilikua inapokea takataka kila siku, mara asdf@asdf, mara zile imeili za muda za dakika kumi zinazokufa zenyewe, nikituma ujumbe unarudi.

Kuiunganisha na fomu haikunisumbua. Kilichonikosha ni hiki, mtu akiandika gmial.com inamuuliza hapohapo kama alitaka gmail.com, na haimlazimishi. Wengi waliokua wananipotea walikua watu halali kabisa, vidole tu viliteleza.

Kazi yake inaenda hivi, inaangalia kwanza imeili imeandikwa sawa, halafu inauliza DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, kama domeini (ile sehemu ya baada ya @) ina rekodi ya MX, yaani kuna seva ya kupokea barua, halafu inaenda kupiga hodi kwa hiyo seva kwa SMTP, lugha ya seva za barua, na kutaja jina la mpokeaji, ikijibiwa 250 basi yupo, 550 hayupo, inaondoka bila kuacha barua. Ujanja mzuri, ila kuna seva zinaitikia kila jina hata uandike upuuzi, na zingine zinajibu 450 rudi baadae, hapo unaambiwa "haijulikani" na hela yako imeshakatwa. Hii hapana.

Halafu ikawa inakataa imeili zenye alama ya kujumlisha kabla ya @!! Hiyo alama ni halali na watu wa Gmail wanaitumia kuchambua barua zao. Mteja ndo alinishtua, sapoti wakajibu siku ya tatu eti nizime "ukaguzi mkali", kumbe umewashwa toka mwanzo na hawajasema popote.

Na lile tangazo lao kwamba hutahitaji tena linki ya kuthibitisha, ile unayomtumia mtu kwenye imeili yake, msidanganyike. Huduma inajua sanduku lipo, haijui ni la nani, ukiandika imeili ya jirani yako inapita vizuri tu. Mi linki bado natuma, ikifunguka mtu anabonyeza kitufe ndani ya ukurasa, maana seva za makampuni zingine zinafungua linki zenyewe kukagua virusi, unakuta mtu "kathibitisha" na yuko usingizini.

Nyota 3 kati ya 5. Ntaendelea kulipia kwa ajili ya gmial, ukaguzi mkali nimeuzima.