Kijitabu cha mazishi Moshi mjini: uchapaji safi, wasifu wa kuazima

Mabango yako kila mtaa wa katikati ya mji: kopi, kadi za mialiko, lamination, na kwa herufi nene VIJITABU VYA MAZISHI. Unapeleka picha, maelezo ya marehemu na idadi ya nakala. Kesho yake jioni unabeba boksi. Tathmini hii inaipima huduma hiyo kwa kazi moja iliyo ngumu kuliko inavyoonekana, yaani kijitabu cha mama Mkatoliki aliyezaliwa miaka ya 1930, akalelewa kihambani (shamba la nyumbani la Wachaga, la migomba na kahawa), akasomeshwa na misheni, akafundisha shule za msingi hadi kustaafu, na kuzikwa akiwa na vitukuu. Hukumu yetu tunaitanguliza: wachapie, wakunjie, wapigie pini, lakini wasikuandikie hata sentensi moja.

Uchapaji wenyewe, kwa kweli, umekuwa mzuri. Duka lenye mashine ya leza hutoa maandishi yasiyofutika kwa jasho wala manyunyu, na hilo ni jambo kubwa kwa mazishi ya kati ya Machi na Mei, mlimani mvua ikiwa haina taarifa. Uliza kabla ya kulipa: leza au wino wa maji? Wino wa maji ukipata tone moja, uso wa marehemu kwenye jalada unachuruzika. Karatasi ya gramu 80 inatosha kwa nyimbo na ratiba, ila kurasa zenye picha pande zote mbili zinahitaji gramu 100 kwenda juu, vinginevyo picha ya nyuma inaonekana kupitia ya mbele. Jalada gumu la gramu 250 linapendeza mkononi, lakini likikunjwa bila kutiwa mstari wa mkunjo kwanza, rangi inapasuka mgongoni. Gramu 170 inakunjika bila shida na haina tofauti kubwa machoni.

Tatizo linaanza kwenye wasifu. Kompyuta ya duka ina kiolezo kimoja, na kiolezo hicho kimeshazika watu wengi. "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mcheshi, mpenda watu na mchapakazi." Sentensi hiyo hiyo anapewa bibi wa miaka 88, kijana wa bodaboda na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mara nyingine hata jinsia haibadilishwi: mama anaandikiwa kuwa "ameacha mjane", wakati mjane alikuwa yeye mwenyewe tangu mume alipofariki. Kama mume bado yupo, neno ni mgane.

Makosa mabaya zaidi ni yale yanayofanana na ukweli. Mpangaji kurasa anaandika kwamba mama "alizaliwa Tanzania mwaka 1936, Wilaya ya Rombo, akabatizwa katika Jimbo Katoliki la Moshi". Mwaka huo nchi iliitwa Tanganyika, Rombo haikuwa wilaya inayojitegemea, na jimbo lilikuwa bado Vikarieti ya Kilimanjaro. Lilipandishwa kuwa jimbo mwaka 1953. Andika jina la parokia, mfano Kilema au Kibosho, misheni zilizofunguliwa na mapadre wa Roho Mtakatifu mwishoni mwa karne ya 19, na uliache jimbo hadi mahali linapohusika.

Tarehe zisichukuliwe kwa kumbukumbu za watu msibani. Nenda ofisi ya parokia alikobatizwa, siyo alikokuwa akisali uzeeni, ukiwa na jina lake la ubatizo, jina la baba na jina la msimamizi wa ubatizo kama linajulikana. Kitabu cha ubatizo ndicho chenye faida kuliko vyote, kwa sababu sheria ya Kanisa inataka kipaimara na ndoa viandikwe kando ya jina lile lile: safari moja, tarehe tatu. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini. "Nata" ni alizaliwa, "baptizata" ni alibatizwa, na "circa" ni takriban, maana yake padre naye alikadiria. Angalia sana miezi iliyoandikwa kwa mkato. "7bris" siyo Julai, ni Septemba. "8bris" ni Oktoba. "Xbris" ni Desemba. Kosa hilo moja linaweza kumfanya mtoto abatizwe miezi miwili kabla hajazaliwa. Na ukiona karatasi za ajira zina tarehe 1 Julai au 1 Januari wakati kitabu cha ubatizo kina tarehe nyingine, fuata cha ubatizo. Tarehe hizo za mwanzo wa mwezi mara nyingi ni alama tu kwamba mwaka ndio uliojulikana. Kisha piga hesabu ya umri upya kwa kalamu. Aliyezaliwa Septemba 1936 na kufariki Januari 2025 alikuwa na miaka 88, siyo 89.

Upande wa elimu kiolezo kinaandika "alihitimu darasa la saba" kwa kila mtu. Msichana aliyesoma miaka ya 1940 na 1950 alipita njia nyingine: darasa la kwanza hadi la nne, mtihani wa kuchuja, kisha shule ya kati darasa la tano hadi la nane, mara nyingi bweni kwa masista. Darasa la nane na miaka miwili ya chuo vilimpa ualimu wa daraja la chini, ambalo baadaye liliitwa C. Ngazi ya B na A alizipanda akiwa kazini, na kila ngazi ina barua yake. Barua hizo ndizo mfupa wa wasifu wa mwalimu: ajira, kuthibitishwa kazini, kupandishwa daraja, kila uhamisho, kustaafu. Ziko kwenye bahasha ya kaki ndani ya sanduku lake, na walimu wa enzi hizo hawakutupa karatasi. Zipange kwa tarehe, andika vituo vyote kwa mfuatano na miaka yake. Shule za misheni zilipochukuliwa na serikali baada ya sheria ya elimu ya 1969, baadhi zilibadili majina. Toa la zamani na la sasa, maana mwanafunzi wake wa 1962 anaijua kwa jina moja na mjukuu wake kwa lingine.

Kipindi cha kutilia uzito ni miaka ya 1970. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisukuma elimu ya msingi kwa wote (UPE), madarasa yakafurika, vijana wakaletwa kufundisha huku wakijifunza ualimu, na walimu wazoefu ndio waliowasimamia. Wengi wao jioni walifundisha kisomo cha watu wazima. Ukiandika "alilea walimu wanne wa UPE katika shule hiyo na kuendesha darasa la kisomo", waombolezaji wa rika lake watainua vichwa. Ukiandika "alikuwa mwalimu hodari", watafunua ukurasa unaofuata kutafuta wimbo.

Ucha Mungu nao una namba na majina. WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, ilianza 1972. Mama wa 1936 hawezi kuwa mwanachama "tangu ujana wake", alijiunga akiwa na miaka 35 au zaidi. Jumuiya ndogondogo nazo ni za miaka ya 1970. Andika cheo, kigango na miaka: mweka hazina wa WAWATA kigangoni, miaka fulani hadi fulani, mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kila Jumamosi, Rozari ya Mei na Oktoba nyumbani kwa nani. Taja pia Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa na siku aliyopewa, jambo ambalo familia nyingi husahau ingawa padre atalitafuta.

Kihamba kinapewa mstari mmoja, "alipenda kilimo", kana kwamba ilikuwa burudani. Kwa mwalimu wa mlimani shamba lilikuwa mshahara wa pili. Kahawa ililipwa kwa awamu kupitia chama cha msingi, malipo ya kwanza, ya pili, na pengine nyongeza, na awamu hizo ndizo zilizopangiwa ada za shule. Taja miche ya kahawa, migomba, ng'ombe wa maziwa wa ndani aliyekatiwa majani asubuhi kabla ya kengele ya shule. Sentensi mbili zinatosha.

Sasa ratiba. Maduka haya yanahudumia Wakatoliki na Walutheri kwa kiolezo kile kile, na mabaki huonekana: "usharika" mahali pa parokia, "mchungaji" mahali pa padre, namba za nyimbo kutoka kitabu ambacho kwaya yenu haina. Kichwa kiwe Misa ya Mazishi. Mfuatano: kupokea mwili mlangoni na kunyunyizia maji ya baraka, masomo na zaburi, Injili, mahubiri, sala za waamini, matoleo, Komunyo, sala baada ya Komunyo, buriani pamoja na ubani, kisha makaburini. Wasifu hauchukui nafasi ya mahubiri. Unasomwa nyumbani kabla ya msafara au baada ya sala inayofuata Komunyo. Muulize paroko anachoruhusu, halafu ndiyo uandike. Wasifu wa maneno 600 husomwa kwa dakika tano hivi. Ukizidi hapo, wa kusoma kwa sauti ufupishwe na mrefu ubaki kwenye karatasi. Saa ziandikwe za Kiswahili, saa 4:00 asubuhi na saa 8:00 mchana. Kiolezo chenye "10:00" kimewahi kuwaleta watu makaburini jioni.

Kuhusu picha tuna lawama kali. Duka likipokea picha ya zamani "linaisafisha" kwa programu ya simu: mikunjo inaondoka, ngozi inakuwa ya plastiki, macho yanakuwa ya mtu mwingine. Bibi wa miaka 88 anarudi na uso wa miaka 40 ambao hata akiwa na 40 hakuwa nao. Kataa kwa maandishi. Peleka picha yenyewe iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, wafute vumbi na mikwaruzo tu. Picha ya upana wa sentimita 10 inahitaji pikseli 1,200 hivi kwa upana ili itoke safi. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha inabanwa, itume kama faili. Kupiga picha juu ya picha kwa simu huacha mng'ao wa taa kwenye paji la uso.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Maandishi yakiishia ukurasa wa 14, utalipia kurasa mbili nyeupe. Zitumie kwa nyimbo za makaburini au mpangilio wa mashada (watoto, wajukuu na vitukuu, ukoo, jumuiya, WAWATA, walimu wastaafu, wanafunzi wa zamani). Kijitabu cha A5 chenye kurasa 16 ni karatasi nne za A4. Nakala 300 ni karatasi 1,200, rimu mbili na karatasi 200, na ukadirie bei kwa hesabu hiyo badala ya kukubali "bei ya kijitabu" isiyojieleza. Mashine ya kurasa 40 kwa dakika inamaliza pande 2,400 kwa saa moja. Kinachochelewesha ni mikono: kupanga, kukunja na kupiga pini ni dakika moja kwa kila nakala, kwa hiyo watu wawili watatumia saa mbili na nusu. Duka likiahidi "nusu saa tu", watakukabidhi visivyokunjwa. Pini ziwe mbili, juu ya mkunjo, kwa stepla ndefu. Ya kawaida haifiki katikati, nao wataipiga pembeni na maneno ya ukingoni yatafichika. Kosa jingine la kila mara ni kuchapa pande mbili kwa kugeuzia upande mrefu. Kwa kijitabu ni upande mfupi, la sivyo kila ukurasa wa pili unasimama kichwa chini.

Maandishi ya nyimbo yawe ya ukubwa wa 13, wasifu 12. Wanaoimba kwa sauti zaidi kwenye mazishi ya namna hii ni wazee wasiobeba miwani. Herufi za mapambo zibaki kwenye jalada, na hata hapo jina lake lisomeke.

Kabla ya kuruhusu nakala 300, dai moja kamili iliyokunjwa, siyo ya kuangalia kwenye skrini. Isomwe na watatu: mtoto anayejua majina yote ya wajukuu na tahajia zake, katekista kwa ratiba, na mwalimu mstaafu aliyefundisha naye. Huyo wa tatu ataikuta kalamu nyekundu hata msibani. Majina ya watoto waliotangulia mbele ya haki yakaguliwe na mtu mzima wa ukoo, maana ndiyo yanayoachwa mara nyingi zaidi na ndiyo yanayoumiza. Weka kazi kwenye flashi na pia kwenye barua pepe, kwa mfumo wa PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta ya duka, herufi hubadilika na kurasa 16 zinageuka 18.

Kwa uchapaji tunawapa maduka haya nyota nne kati ya tano, kwa uandishi nyota moja. Ukichukua boksi, hesabu nakala hapo hapo kaunta, tenga kumi mahali pakavu kwa parokia, shule aliyostaafia na ukoo, na usiondoke bila faili la mwisho lililosahihishwa. Litahitajika tena kwa Misa ya kumbukumbu ya mwaka, na duka linalofuta kazi zake kila mwisho wa mwezi halitakuwa nalo.