Seti ya povu ya kusafishia raba, nimeitumia miezi minne: brashi nimezikubali, povu la kawaida tu

Wadau habari zenu. Kuna hizi seti za kusafishia raba, inakuja chupa ya povu, brashi tatu (laini, ya kati na ngumu) na kitambaa cha mikrofaiba, nadhani wengi mshaziona. Mi nilinunua moja, nimeitumia miezi minne kwenye pea nne tofauti kabisa, ya ngozi nyeupe, ya kanvasi, ya kukimbilia yenye kitambaa cha matundu matundu, na moja ina vipande vya suedi, ile ngozi yenye manyoya laini juu. Niseme mapema tu, brashi ndo zimefanya nisijutie hela yangu. Povu ni zuri, ila sijaona linachofanya ambacho sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haifanyi. Na kitu kilichookoa raba zangu wala hakikuwemo kwenye seti, ni namna ya kukausha, na hapo ndo nataka tukae kidogo maana ndipo nilipoharibu viatu nilivyokuwa navipenda kweli.

Ilikuwa hivi. Zile za kanvasi nyeupe ziliingia matope, nikaziloweka kwenye beseni na sabuni ya unga, nikaongeza na blichi ya klorini, nikasugua zikatakata kabisa, nikazianika juani nikaenda zangu. Jioni naenda kuzianua nakuta michirizi ya njano imezunguka kiatu chote pale kitambaa kinapokutana na soli, na mingine kwenye mishono ya ulimi, wakati zilipokuwa mbichi hakukuwa na doa hata moja. Nikajua ni uchafu umebaki, nikarudia, blichi nikazidisha. Zikatoka njano kuliko mwanzo. Iliniuma sana aisee.

Nimekuja kuelewa baadaye. Maji yakikauka kwenye kiatu hayaondoki na kila kitu, yanatoka ndani ya kitambaa yanakuja juu taratibu, njiani yanabeba mabaki ya sabuni, uchafu uliokaa chini chini, saa nyingine mpaka rangi ya gundi, sasa yakifika juu yenyewe yanakuwa mvuke yanaenda zake, ule mzigo unabaki pale pale kwenye kitambaa. Ndo maana doa linatokea kiatu kikishakauka. Afu blichi ya klorini nayo ina tabia ya kugeuza baadhi ya nyuzi za plastiki na soli za povu kuwa njano, yaani unaongeza dawa kumbe unaongeza ugonjwa.

Dawa yake ni vitu viwili. Suuza mpaka maji yatoke meupe, sio mara moja, mi kanvasi nasuuza mara nne tano mpaka nikiminya hakuna utelezi wa sabuni kabisa. Pili, kiatu kikiwa bado kibichi kifunike chote na tishu nyeupe, ibane ikae kama ngozi ya pili, kianike kivulini penye upepo. Yale maji yakipanda yanapitiliza mpaka kwenye tishu, mzigo unashukia huko badala ya kwenye kiatu. Zile raba zangu za njano nilizifanyia hivi, nikatumia povu la seti na brashi ya kati, nikasuuza, nikafunga tishu. Kesho yake navua tishu, nakuta mstari wa njano umechorwa juu yake kufuata soli vile vile, unauona kabisa hapa ni mbele hapa ni kisigino. Nikarudia tena baada ya siku mbili, tishu ya pili ikatoka na njano hafifu. Kiatu cha kulia kimerudi cheupe, cha kushoto bado kisigino kina kivuli kidogo ila anayeniangalia kwa mbali haoni.

Haya turudi kwenye seti. Raba za ngozi nilizifanyia jaribio, kiatu cha kushoto povu, cha kulia matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, brashi ile ile, muda ule ule. Nikaziweka dirishani pamoja nikaziangalia kwenye mwanga, sikuona tofauti, na niliyemuita aniambie kipi ni kipi alikosea. Ila kuna kitu povu linashinda, halina maji mengi. Unaliweka kwenye brashi, unasugua duara duara, unafuta na kitambaa, mishono na soli ya ndani vinabaki vikavu. Kwa ngozi hiyo ni faida ya kweli kwa sababu ngozi ikilowa sana ikakauka vibaya inakakamaa na kupasuka pale vidole vinapokunja. Sabuni nayo unaweza kuifanya hivyo hivyo, ipige kwenye bakuli mpaka itoe povu uchovye povu tu bila maji, ila lazima uwe na nidhamu maana mkono unajisahau.

Kwenye raba ya kukimbilia povu limeniangusha. Vile vitundu vinalimeza, unafuta juu unaona pasafi, kumbe limebaki ndani, likikauka linaacha utando kama wa chaki, na ule utando unanata vumbi, siku tatu kiatu kichafu kuliko kabla hujakiosha. Ilibidi nilifukuze kwa kitambaa kibichi mara nyingi mpaka nikachoka. Sasa hivi hizi naziosha kwa sabuni kidogo sana na maji, nasuuza vizuri, basi.

Brashi sasa. Ile laini ni ya ngozi na sehemu zenye rangi ya kupakwa, ya kati ni ya kanvasi na kamba, ngumu ni ya soli peke yake. Nasisitiza peke yake, mi niliipitisha ile ngumu kwenye matundu matundu upande wa kidole kidogo, mara moja tu, ikainua vinyuzi vikawa kama sweta iliyochakaa na havirudi. Na kuna mpangilio ambao kwenye kikaratasi cha maelezo hawajauweka na mi naona ni nusu ya kazi: toa kamba kwanza, piga brashi kavu vumbi na udongo vitoke, maana ukiweka maji juu ya vumbi unatengeneza tope jipya, afu anza na soli ndo upande juu. Ukianza juu, soli ikifuatia inarusha uchafu unarudi pale ulipokwishasafisha.

Soli za pembeni ndo sehemu seti inang'aa kweli, alama nyeusi za kukwaruzwa zinatoka nyingi. Zinazogoma natumia ile sponji nyeupe ya melamini, inafanya kazi kama msasa laini sana, ndo maana kwenye mpira inatakatisha na kwenye ngozi inakula rangi na mng'ao, usiisogeze huko. Ila chupa imeandikwa inarudisha weupe wa soli iliyogeuka njano, na hapa nakataa kabisa. Nina pea ya zamani soli yake imekuwa njano yenyewe kwa miaka, nimesugua mara nne siku tofauti, haijasogea. Ile njano sio uchafu jamani, ni mpira wenyewe umebadilika kwa jua na hewa, brashi haiwezi kuitoa. Wasiandike hivyo, mtu atasugua mpaka aharibu kiatu akitafuta kitu ambacho hakipo juu.

Na ile ya kuchanganya siki na bekingi soda ambayo kila mtu anashauri, zile povu zinazochemka zinapendeza machoni ila siki ni asidi, soda ni kinyume chake, zikikutana zinamalizana, unabaki na maji yenye chumvi kidogo na gesi inayoruka. Bora soda peke yake na maji kidogo iwe kama uji mzito, usugulie soli.

Suedi. Chupa inasema inafaa kwa aina zote za viatu. Nikaamini, nikaweka kidogo kwenye kipande cha kisigino, kilipokauka kikawa kigumu na cheusi kuliko jirani yake, yale manyoya yamelala. Nimekirudisha kiasi kwa brashi laini kavu, napiga upande mmoja afu nageuza, na madoa madogo nayafuta na kifutio cha penseli kisicho na rangi. Suedi usilowanishe kama huna sababu.

Mashine ya kufulia sijaweka hizi na siweki, maji ya moto na kuzungushwa vinalegeza gundi, na ile ya kukaushia kwa joto ndo mbaya zaidi. Hata jua kali la mchana mi sitaki tena. Soli za ndani natoa, naosha pembeni kwa mkono, zinachelewa kukauka kuliko kiatu, na ukizirudisha mbichi harufu inaanza hapo hapo kwa sababu bakteria wanapenda joto na unyevu. Ndo maana pia sivai pea moja siku mbili mfululizo, jasho la leo linahitaji siku nzima kutoka.

Chupa imebaki kama robo. Ikiisha sitanunua nyingine, brashi nitabaki nazo, na kitambaa pia ni kizuri ila ukikifua usitumie dawa ya kulainisha nguo, kinaacha kunyonya maji. Kitu kimoja kwa watakaojaribu tishu: tumia nyeupe isiyo na michoro wala rangi, gazeti niliwahi kujaza ndani ya kiatu wino ukahamia kwenye bitana nyeupe mpaka leo upo. Na tishu ikishika kiatu ikikauka usiibandue kwa nguvu, inaacha vinyuzinyuzi kwenye mishono, pitisha kidole kibichi inaachia yenyewe.