Mbolea ya ruzuku: uzoefu wangu mimi mkulima wa mpunga huku Magu

Wadau, mimi ruzuku ya mbolea naikubali, naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, hizo zilizokatwa ni za wakala anayetuuzia mbolea na nitawaambia kwa nini. Nalima mpunga, majaruba yangu yapo mbugani huku Magu, Mwanza, na mnaokumbuka msimu wa 2021 mbolea ilivyopaa mpaka mfuko wa DAP (ile mbolea ya kupandia) ukapita laki, mnajua hali ilikuaje, watu walipanda mikono mitupu, wengine wakarudi kwenye samadi ya ng'ombe. Kwa hiyo mama Samia alipozindua ruzuku Nanenane ya 2022 kule Mbeya, eti DAP na Urea (ile ya kukuzia) zishuke hadi kwenye elfu 70 hivi kwa kilo 50, sisi tukajua ni yale yale ya jukwaani. Kumbe kweli.

Alafu kuna jambo naulizwa kila siku, hela ya ruzuku inaingia lini? Hela hupewi wewe. Usikae unasubiri muamala kwenye simu. Serikali inalipa kule juu kwa wanaoleta mbolea, wewe unakuta tu bei imeshuka dukani, na akitokea mtu anakwambia tuma elfu kadhaa ndo uingiziwe ruzuku, huyo ni tapeli.

Kujiandikisha hakuna shida, unaenda kwa mtendaji wa kijiji na kitambulisho, unataja ekari na zao, namba yako ya mkulima inakuja kwa meseji, na ni bure. Ila hapo kwenye simu muwe makini jamani, hasa kwa wazee. Mama yangu hana simu, wakamwandikia laini ya mjukuu, na mjukuu mwenyewe yuko Igoma anapiga boda, sasa bi mkubwa kasimama dukani anaulizwa namba yake, haijui, tunampigia kijana hapokei kisa ana abiria, foleni nyuma inaguna. Sasa hivi namba nimemwandikia kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki, maana hiyo kadi haipotezagi.

Haya, wakala. Aliye karibu nasi yuko senta ya mbali kidogo, mbolea yenyewe inauzwa kwa mfumo, yaani anaingiza namba yako kwenye simu yake, anaona ekari zako, anaskani kile kibandiko cha kwenye mfuko, ndo unabeba. Mtandao ukigoma kiduara kinazunguka weee, mfuko unauona hapo miguuni pake lakini kwa bei ya ruzuku hawezi kukuuzia. Mvua imeshaanza, miche inazidi kukua kitaluni, wewe umekaa kwenye benchi. Ukiongeza nauli ya boda kwenda na kurudi na mzigo, ile nafuu inapungua, sio kidogo. Na mfuko tunaoukuta huku ni wa kilo 50, mwenye jaruba mbili hana hela ya mfuko mzima, anaishia kununua ya kupimiwa kwa kilo kwenye genge, bei ya mtaani, wakati yeye ndo alistahili kusaidiwa kwanza.

Hata hivyo siwezi kuifananisha na enzi za vocha zile za ruzuku za kuanzia 2008. Vocha ilikuwa karatasi, ukibanwa na njaa unamuuzia mjanja kwa hela ya unga, mbolea unaisikia tu kwa jirani. Namba ya sasa ina jina langu na ekari zangu, kuichezea inahitaji akili zaidi (sijasema haiwezekani).

Msimu uliopita tulichanga majirani tukakodi guta, tukafuata DAP na Urea kwa pamoja kabla mvua haijaanza, foleni hakuna, mtandao unateleza. Wakala akataka kila mmoja anunue na chupa ya busta (ile ya maji ya kupulizia majani) ndo atupe mbolea. Tukagoma wote pale pale, akacheka, akaanza kuskani. Ukikutana na hiyo ya busta kataa, wewe umefuata mbolea.